Nani kasema p ni shufwa?

Uthibitisho kwamba √2 haiandikiki kama sehemu, wanafunzi wangu wa kidato cha tano huukariri bila kukosea nukta. Tuseme √2 = p/q, sehemu iliyorahisishwa mpaka mwisho. Basi p² = 2q², p² ni shufwa, kwa hiyo p ni shufwa. Weka p = 2m, utapata q² = 2m², na q nayo inakuwa shufwa. Zote mbili zinagawanyika kwa 2, na tulishasema sehemu imerahisishwa. Tumejipinga wenyewe, basi tulichokichukulia mwanzoni si kweli.

Mimi huwasimamisha katikati, pale penye "kwa hiyo p ni shufwa". Nani kasema?

Safari hii mmoja alikwenda ubaoni akaandika 4, 16, 36, 64, na chini yake 2, 4, 6, 8. "Si unaona, Mwalimu?" Nikampa n² + n + 41. Ukiweka 0 unapata 41, ukiweka 1 unapata 43, kisha 47, kisha 53, zote namba tasa. Darasa likajigawia kazi, kila dawati na namba zake, na mpaka 39 hakuna iliyokataa. Ilipofika 40 jibu likawa 1681, yaani 41 × 41. Mifano 40 mfululizo ilikubali, wa 41 ukagoma. Mifano hukuonyesha pa kutafutia, na naipenda kwa kazi hiyo, ila haithibitishi.

Sasa turudi kwa p. Ukianza na p² = 2k ukataka kuifikia p moja kwa moja, unakwama kwenye √(2k). Hapo inabidi kuigeuza kauli. Somo letu hufundishwa kwa Kiingereza, lakini hatua hii huifundisha kwa Kiswahili makusudi, maana nataka wafikiri kwa lugha wanayobishania nyumbani. Anayekaa Temeke anakaa Dar es Salaam. Basi asiyekaa Dar es Salaam hakai Temeke. Hilo halina ubishi. Lakini huwezi kusema anayekaa Dar es Salaam anakaa Temeke, huenda yuko Kinondoni. Ukigeuza kauli, kanusha pande zote mbili. Anayegeuza bila kukanusha ameleta kauli nyingine kabisa, na makosa mengi ninayosahihisha yanaanzia hapo.

Kwa hiyo badala ya "p² ikiwa shufwa, p ni shufwa", tunathibitisha "p ikiwa witiri, p² ni witiri". Weka p = 2k + 1. Basi p² = 4k² + 4k + 1 = 2(2k² + 2k) + 1, ambayo ni witiri. Mstari mmoja, na umezimaliza namba zote, hata zile ambazo hakuna atakayeziandika.

Kisha nawapa kazi ya nyumbani: rudieni uthibitisho ule ule kwa √4. Wengi hurudi asubuhi wakiwa "wamethibitisha" kwamba √4 haiandikiki kama sehemu, na wote wanajua ni 2. Nawaambia watafute mstari uliowadanganya. Huwachukua muda, na siwasaidii, mpaka mmoja aone kwamba ameandika "p² inagawanyika kwa 4, kwa hiyo p inagawanyika kwa 4", halafu ajaribu p = 6.