Kupandikiza jino bila kufungua ufizi: lini nakubali, lini nakataa

Wagonjwa wengi wanaokuja kupandikizwa jino hapa Dodoma, hasa vijana waliong'oka meno ya mbele kwenye ajali za bodaboda, huniomba nisiwapasue ufizi. Inawezekana kweli: natoboa kitundu cha duara, napitisha drili, nafunga kipandikizi, yaani skrubu ya titani itakayobeba jino. Damu ni kidogo, uvimbe haba, na aliyetoka Mpwapwa hana haja ya kurudi kutolewa nyuzi.

Tatizo ni kwamba mfupa siuoni. Jino likishang'oka, mfupa uliolishikilia husinyaa, zaidi upande wa nje, na kwa kasi miezi ile ya mwanzo. Ufizi unaweza kubaki mnene. Ukiubonyeza kwa kidole unahisi pana, kumbe chini pamebaki ukingo mwembamba. Kipandikizi chenye kipenyo cha milimita 4 nakitakia mfupa wenye upana wa kama milimita 6. Ukipungua hapo, drili ikipinda kidogo tu inatokezea nje ya mfupa, nami sina habari.

Kuna na joto. Mfupa ukikaa kwenye nyuzijoto 47 kwa dakika moja huumia, na ulioungua haushikani na titani. Ndiyo maana tunatoboa huku maji ya chumvi yakitiririka. Kitundu kikibanwa na ufizi, maji hayafiki chini vizuri, kwa hiyo drili naitoa kila baada ya muda mfupi.

Kufungua nako kuna gharama. Nikiinua ufizi pamoja na utando ulioufunika mfupa, napunguza damu inayoulisha, na mgonjwa atavimba siku kadhaa. Lakini naona ninachofanya, na palipopungua naongeza unga wa mfupa. Brånemark wa Uswidi, mwanzilishi wa vipandikizi vya titani, aliyempandikiza mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965, alifungua ufizi, akaushona juu ya kipandikizi, na utaratibu wake ukawa kusubiri mfupa ushikane nacho, miezi 3 kwa taya la chini na 6 kwa la juu.

Mgonjwa akichaguliwa vizuri, vipandikizi vya njia zote mbili hudumu kwa kiwango kinachokaribiana. Kwa hiyo naamua kwa picha ya CT, eksirei inayoonyesha mfupa kwa pande zote. Mfupa ukiwa mpana, na mshipa wa fahamu wa taya la chini uko milimita 2 au zaidi kutoka ncha ya kipandikizi, sifungui. Ukiwa mwembamba nafungua, hata kama kuna kibao cha kuongozea drili, maana nacho huweza kukosea milimita nzima. Ukienda kwa daktari yeyote, omba akupimie upana huo kwenye picha, mbele ya macho yako.