Matunzo ya kawaida ya kapeti za ofisi: maana yake na kazi zilizomo

Kwenye mikataba ya usafi ya ofisi, benki, hoteli na kumbi za mikutano, "matunzo ya kawaida ya kapeti" huandikwa kwa mstari mmoja, na kila upande huusoma kwa macho yake. Mwenye jengo anaelewa kwamba kapeti itaoshwa. Kampuni ya usafi inaelewa kwamba itapitiwa na mashine pale muda unaporuhusu. Maana yake hasa ni hii: kuondoa uchafu kwenye kapeti kwa ratiba, kwa kasi inayolingana na kasi ambayo uchafu unaingia, ili kapeti isifikie hatua ya kuonekana chafu. Ndani yake mna kuzuia uchafu mlangoni, kufyonza vumbi, kushughulikia madoa siku hiyohiyo, na kuosha kwa vipindi. Kuosha ndiko kunakoonekana na ndiko kunakokula bajeti. Umri wa kapeti, hata hivyo, huamuliwa zaidi na hizo kazi tatu za mwanzo.

Sababu ni kwamba kinachoua kapeti ni mchanga, kuliko doa. Sehemu kubwa ya uchafu uliomo ndani ya kapeti ya ofisi ni chembe kavu: mchanga, vumbi la udongo, ngozi iliyobanduka, nyuzi za nguo na za karatasi. Chembe ya mchanga wa kwarzi ina ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, zaidi ya kioo cha kawaida, na nailoni, plastiki inayotengenezewa nyuzi za kapeti nyingi, mbele yake ni laini. Kila mguu unapokanyaga, chembe husaga nyuzi kwenye mashina. Baada ya muda nyuzi zinakuwa na mikwaruzo, hazirudishi mwanga kama zamani, na unapata ile njia ya kijivu inayotoka mapokezi hadi kwenye lifti. Hapo hata ukiosha kila mwezi rangi hairudi, kwa sababu unachokiona si uchafu tena. Ni plastiki iliyochakaa.

Aina ya udongo nayo ina neno lake. Dar es Salaam na Mombasa huleta mchanga, ambao hushuka chini haraka lakini hufyonzeka vizuri ukiwa mkavu. Udongo mwekundu wa Nairobi na Kampala ni mwembamba, una mfinyanzi na oksidi za chuma. Ukilowa tu unageuka tope linaloshika kwenye nyuzi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza haina mjadala: uchafu mkavu utolewe ukiwa mkavu, kabla tone lolote la maji halijagusa kapeti.

Kazi inaanzia nje ya kapeti

Kikanyagio cha sentimita 60 kwa 90 kilichowekwa mlangoni ni pambo. Mtu hukivuka kwa hatua moja, mguu wa pili haukigusi kabisa. Mfumo wa LEED, unaotumika kupima majengo yanayojali mazingira, unadai kikanyagio cha kudumu chenye urefu wa angalau mita 3 kufuata mwelekeo wa watu wanaoingia, maana yake kila kiatu kigusane nacho walau mara mbili. Nje iwekwe aina ngumu ya kukwangua, ndani iwekwe ya nyuzi inayonyonya maji. Wakati wa masika cha ndani kinalowa kabla ya saa sita mchana, hivyo kiwepo cha akiba cha kubadilishia. Kikanyagio kilichojaa hakizuii kitu. Kinapaka viatu tope na kulituma ndani. Nacho kifyonzwe kila siku, tena kwanza.

Kufyonza vumbi

Mashine inayofaa kwa kapeti ya nyuzi zilizokatwa, ambazo ncha zake zimesimama, ni ile ya kusimama yenye brashi inayozunguka, kwa sababu brashi hupiga nyuzi na kutikisa mchanga ulioko chini. Pipa la kufyonza lenye bomba na kichwa bapa, ambalo ndilo limejaa kwenye ofisi nyingi kwa kuwa linafyonza pia maji, huchukua kilichoko juu tu. Kwa kapeti ya vitanzi vifupi, yaani nyuzi zilizokunjwa bila kukatwa, linatosha kwa siku za kawaida, lakini mara moja kwa wiki mashine ya brashi bado inahitajika. Brashi irekebishwe iguse ncha za nyuzi tu. Ikishushwa sana inachana vitanzi na mota inapata joto. Ikipandishwa sana inapiga hewa.

Mwendo ndio unaokosewa zaidi. Mhudumu anayekwenda kwa kasi ya kudeki hutoa makaratasi na kuacha mchanga. Mashine isukumwe taratibu na kurudishwa taratibu zaidi, maana wakati wa kuirudisha ndipo uchafu mwingi huinuka. Penye watu wengi ipite mara nne, mbili kwa kila mwelekeo. Chini ya meza mara mbili zinatosha. Mapokezi, mbele ya lifti, korido kuu na mlango wa chumba cha chai ni kila siku. Kati ya meza ni siku mbili au tatu kwa wiki. Kingo za ukuta ni mara moja kwa wiki kwa mdomo mwembamba, vinginevyo vumbi huacha mstari mweusi usiotoka kirahisi.

Mfuko wa vumbi usisubiri kujaa. Ukifika theluthi mbili, mfyonzo umeshashuka. Kichujio cha HEPA hunasa 99.97% ya chembe zenye ukubwa wa mikromita 0.3, na kwenye ofisi zenye madirisha yaliyofungwa na kiyoyozi hilo si anasa, kwa sababu vumbi linalotoka nyuma ya mashine mbovu huishia kwenye mapafu ya watu na juu ya meza zao. Kila wiki brashi ikaguliwe: nywele na nyuzi zilizojisokota zikatwe kwa mkasi, mkanda uangaliwe kama umelegea. Mashine inayolia kama kawaida huku brashi haizunguki inaweza kutembezwa mwezi mzima bila mtu kugundua.

Ufagio wa chelewa hauna nafasi hapa. Unarusha vumbi laini hewani, unasukuma mchanga chini, na unang'oa vitanzi.

Ijue kapeti kabla ya kuitia dawa

Kata nyuzi chache kutoka kona iliyofichika, zichovye kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni ili viputo vya hewa visizishike. Zikielea ni polipropilini, plastiki ambayo ni nyepesi kuliko maji. Zikizama, choma unyuzi mmoja kwa kiberiti huku umeushika kwa koleo: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika, nailoni huyeyuka na kuacha donge gumu.

Tofauti hizo zina matokeo. Polipropilini haishiki chai wala juisi kirahisi, lakini hupenda mafuta na huyeyuka kwenye joto la takriban nyuzijoto 160 za Selisiasi tu, ndiyo maana kabati zito likiburutwa juu yake huacha mstari unaong'aa ambao hautoki. Nailoni husimama tena baada ya kukanyagwa na huvumilia sabuni yenye alkali ya wastani. Sufu haitaki alkali, haitaki maji ya moto, na klorini ya kufulia huiyeyusha kabisa.

Madoa

Kapeti yenye unyevu isisuguliwe. Ukisugua, nyuzi zinafumuka na doa linapanuka. Kilicho kigumu kikwanguliwe kwa kijiko, kimiminika kidonolewe kwa kitambaa cheupe kuanzia ukingoni kwenda katikati. Kitambaa cha rangi huchujia rangi yake humo humo, na hapo mna madoa mawili. Kisha robo kijiko cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo katika kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu: loweshea kitambaa, si kapeti, donoa, halafu rudia kwa maji matupu mpaka utelezi uishe. Maliza kwa taulo kavu iliyowekewa uzito juu.

Chai ya maziwa ndiyo mgeni wa kila siku na inadanganya. Ina tanini (inayoacha rangi ya kahawia), mafuta na sukari kwa pamoja. Ukiifuta kwa maji tu rangi inapotea, sukari inabaki, na baada ya wiki mbili panatokea duara la kijivu kwa sababu vumbi limenasia. Anza na sabuni, fuatisha siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha suuza.

Mchuzi wenye kiungo cha manjano ni habari nyingine. Rangi ya kiungo hicho hugeuka nyekundu ya kahawia inapokutana na alkali, kwa hiyo anayekimbilia sabuni ya unga au dawa kali ya kapeti huona doa likibadilika machoni pake. Tumia sabuni isiyo na alkali. Kikibaki kivuli, kwa kapeti za plastiki pekee, tumia haidrojeni peroksidi ya 3% baada ya kuijaribu mahali pasipoonekana.

Unga wa tona ya printa ufyonzwe ukiwa mkavu, kwa mashine yenye kichujio kizuri, na usiguswe na maji ya moto, maana joto huuyeyusha na kuugandisha. Jojo ipakwe barafu iliyo ndani ya mfuko hadi ivunjike. Damu ni maji baridi tu. Wino wa kalamu huitika kwa spiriti, lakini spiriti iwe kwenye kitambaa. Ikimwagwa inafika kwenye gundi inayoshikilia nyuzi na kapeti inaanza kubanduka kutoka chini.

Kwa nini doa linarudi

Lalamiko hili hufuata karibu kila uoshaji, na lina vyanzo viwili tofauti. Cha kwanza: kimiminika kilifika mgongoni mwa kapeti, ukasafisha juu, na wakati wa kukauka maji yakapanda na nyuzi yakibeba kilichokuwa chini. Doa la namna hii hurudi ndani ya siku moja au mbili, lina ukingo ulio wazi. Dawa yake ni maji kidogo na taulo yenye uzito usiku mzima. Cha pili: sabuni haikusuuzwa. Hapo sehemu yote huchafuka polepole, wiki kwa wiki, kwa sababu mabaki ya sabuni ni gundi. Sabuni ya unga ya kufulia ndiyo mkosaji mkuu. Ina alkali nyingi, inatoa povu lisiloisha, na povu hilo likiingia kwenye mashine ya kunyonya linafika kwenye mota.

Kuosha

Kuosha kwa juu hufanywa kila mwezi hadi miezi mitatu kwenye njia za watu wengi. Dawa yenye polima hupuliziwa, husambazwa kwa brashi, nayo ikikauka hufunga uchafu katika punje ngumu zinazofyonzwa siku inayofuata. Inatumia maji kidogo, kapeti inakanyagika ndani ya saa moja au mbili. Nani afyonze kesho yake? Kama ratiba haikumtaja mtu, punje zote zinabaki na kazi imepotea bure.

Kuosha kwa kina kwa maji ya moto na mashine ya kunyonya hufanywa mara moja au mbili kwa mwaka. Fyonza vumbi kwanza, kwa makini kuliko siku yoyote. Pulizia dawa kwa kipimo cha lebo. Ikiandikwa 1 kwa 40, ndoo ya lita 10 inataka mililita 250, na kuzidisha hakuongezi usafi bali mabaki. Iache dakika 10 hadi 15 bila kukauka, isugue kwa brashi laini ya mashine, kisha suuza kwa maji na kunyonya. Kwa kila mpito wa kumwaga maji, ipite miwili ya kunyonya tu. Washa feni na kiyoyozi mara moja. Lengo ni ikauke ndani ya saa 12. Ikibaki na unyevu kati ya saa 24 na 48, ukungu huanza kujipa makazi. Zanzibar au Tanga mwezi wa Aprili, ukizima kiyoyozi Ijumaa jioni ili kuokoa umeme, Jumatatu utanusa jibu. Uoshaji wa kina uwekwe kiangazi. Miguu ya meza ya chuma itiwe vipande vya plastiki chini hadi pakauke, la sivyo itaacha alama za kutu.

Vigae vya kapeti

Vigae vya sentimita 50 kwa 50 vina faida moja kubwa: kilichoharibika kinang'olewa peke yake. Ila kipya kikiwekwa katikati ya vilivyochakaa kinaonekana kama kiraka. Chukua kigae kutoka chini ya kabati au kona tulivu ujazie penye doa, na kipya kiende huko kwenye kona. Mshale ulio mgongoni ufuate mwelekeo wa wenzake. Maboksi mawili ya akiba ya toleo lilelile yahifadhiwe tangu siku ya kutandika, kwa kuwa rangi za toleo lijalo hazitalingana.

Kwenye mkataba

Badala ya "matunzo ya kawaida", andika maeneo kwa majina na mita za mraba, idadi ya siku za kufyonza kwa kila eneo, aina ya mashine, muda wa juu wa kushughulikia doa lililoripotiwa, miezi ya kuosha kwa kina, na saa ambazo kiyoyozi kitaachwa kikiwaka baada ya hapo na nani analipia umeme huo. Kipengele cha mwisho ndicho kinachosahaulika, na ndicho kinachozua ugomvi.