Kutetea pointi: kwa nini bingwa wa tenisi anaweza kuporomoka kwa mechi moja

Agosti 2022 ilipokuwa ikimalizika, Emma Raducanu wa Uingereza alikuwa wa 11 duniani katika orodha ya ubora ya tenisi ya wanawake. Orodha mpya ilipotoka katikati ya Septemba, alikuwa wa 83. Kati ya orodha hizo mbili alicheza mechi moja tu, ya raundi ya kwanza ya US Open, akafungwa na Alizé Cornet wa Ufaransa. Mechi moja inamshushaje mtu nafasi 72? Jibu ni pointi za kutetea, na bila kulielewa jambo hili mtu hawezi kufuatilia maisha ya mchezaji yeyote wa kulipwa na kumtendea haki.

Kila pointi anayoipata mchezaji wa WTA, chama kinachosimamia tenisi ya kulipwa ya wanawake, huishi wiki 52. Mwaka ukitimia, mashindano yale yale yakirudi kwenye kalenda, pointi za mwaka jana zinafutwa na nafasi yake inachukuliwa na zile alizopata mwaka huu. Kwa hiyo aliyefika mbali mwaka jana anaingia uwanjani akiwa na pointi za kutetea: asipofika pale pale, anapungukiwa. Akifika pale pale, anabaki alipokuwa. Ili apande, lazima avuke alama aliyoiweka mwenyewe.

Sasa mrudie Raducanu. Septemba 2021, akiwa na umri wa miaka 18 na akishika nafasi ya 150, alianzia hatua ya kufuzu ya US Open, akashinda mechi 10 mfululizo bila kupoteza hata seti moja, akabeba kombe. Kabla yake hakuna mchezaji aliyewahi kutoka hatua ya kufuzu akatwaa taji la mmoja mmoja la Grand Slam (yaani Australian Open, French Open, Wimbledon au US Open), wa kiume wala wa kike, tangu wachezaji wa kulipwa waruhusiwe mwaka 1968. Alivuna pointi 2,040. Mwaka mmoja baadaye zote zilifutwa, na kwa kutolewa raundi ya kwanza akapewa 10. Pengo ni pointi 2,030. Waliosema Septemba 2022 kwamba binti huyu amekwisha walikuwa wanasoma hesabu ya mwaka mzima kana kwamba ni habari ya wiki moja.

Uzito wa mashindano haulingani, na hapo ndipo penye chanzo cha milima na mabonde mengi tunayoyaona. Bingwa wa Grand Slam hupata pointi 2,000, anayefungwa fainali 1,300, anayeishia nusu fainali 780, na robo fainali 430. Anayetolewa raundi ya kwanza hupata 10. Ngazi inayofuata ni mashindano ya WTA 1000, ambayo bingwa wake huvuna pointi 1,000, kisha 500, kisha 250. Chini kabisa yapo mashindano ya shirikisho la kimataifa, ITF, na madogo kuliko yote huitwa W15 kwa sababu zawadi yake yote, inayogawanywa kwa washiriki, ni dola 15,000. Bingwa wa W15 hupata pointi 15. Ukipiga hesabu, binti anayeanza huku chini angehitaji kushinda mataji 134 ya namna hiyo ili apite pointi za taji moja la Wimbledon. Ndiyo maana wiki mbili nzuri kwenye jukwaa kubwa humrusha mtu juu ghafla, na mwaka unaofuata zikaweza kumshusha kwa kasi ile ile.

Hesabu hii humuumiza hata anayecheza vizuri. Chukua mchezaji aliyefika nusu fainali ya mashindano ya WTA 1000 mwaka jana: ana pointi 390 za kutetea. Mwaka huu anashinda mechi tatu au nne, anafika robo fainali, anafungwa kwa taabu na mchezaji aliye bora kuliko yeye. Anapata 215. Kwa mtazamaji ile ilikuwa wiki nzuri, lakini kwenye orodha amepoteza 175. Na jirani yake aliyekaa nyumbani mwaka jana akiuguza goti, akifika raundi ya tatu tu, anapanda, kwa kuwa hana cha kutetea.

Markéta Vondroušová wa Czechia amepita pande zote mbili za hesabu hii katika mashindano yale yale. Mwaka 2022 hakucheza Wimbledon, mkono ukiwa umetoka kufanyiwa upasuaji wa kifundo. Mwaka 2023 alirudi akiwa wa 42, bila pointi hata moja ya kutetea, akawa mwanamke wa kwanza katika zama za tenisi ya kulipwa kutwaa Wimbledon bila kuwamo katika orodha ya wachezaji 32 wanaotenganishwa kwenye droo ili wasikutane mapema. Akaingia kumi bora kwa mara ya kwanza. Mwaka 2024, akiwa wa sita na bingwa mtetezi, alifungwa raundi ya kwanza na Jessica Bouzas Maneiro wa Hispania, akashuka hadi nafasi ya 18. Kabla yake, bingwa mtetezi wa kike aliyewahi kutolewa raundi ya kwanza pale alikuwa nguli wa Ujerumani, Steffi Graf, mwaka 1994. Kama Graf liliweza kumkuta, basi hili si suala la wachezaji wa kubahatisha.

Mtu anaweza kusema: si namba tu? Laiti ingekuwa hivyo. Namba ndiyo inayoamua mchezaji atacheza wapi, dhidi ya nani, na atalipwa nini. Droo kuu ya Grand Slam ina wachezaji 128. Nafasi 104 huenda moja kwa moja kwa walio juu kwenye orodha, 16 kwa wanaopita mchujo wa mechi tatu, na nane kwa wanaoalikwa na waandaaji. Wimbledon 2024, aliyetolewa raundi ya kwanza ya droo kuu alilipwa pauni 60,000. Aliyekosa nafasi kidogo tu ilimlazimu kushinda mechi tatu za mchujo kwanza ili aione fedha hiyo. Kwa mchezaji anayejilipia kocha, mtaalamu wa viungo, ndege na hoteli, kuteleza kutoka nafasi ya 95 hadi ya 125 kunaweza kumfanya amwache kocha.

Na wachezaji 32 wa juu hutenganishwa kwenye droo ili wasikutane katika raundi mbili za kwanza. Ukishuka ukawa wa 33, ngao hiyo inaondoka. Unaweza kupangiwa namba moja wa dunia siku ya kwanza. Unafungwa mapema, unapata pointi chache, unashuka zaidi, droo inayofuata inakuwa ngumu zaidi. Kuanguka kunazaa kuanguka. Kupanda nako kunazaa kupanda, na hili husahaulika: aliye juu hulindwa na droo, na sehemu ya uimara wake inatokana na ulinzi huo.

Katika wachezaji wa sasa, sijui mfano unaofundisha kuliko Amanda Anisimova wa Marekani. Mwaka 2019, akiwa na miaka 17, alifika nusu fainali ya French Open. Miezi michache baadaye, kabla ya US Open, baba yake, ambaye alikuwa pia kocha wake, alifariki ghafla. Aliendelea kucheza, akipanda na kushuka, hadi Mei 2023 alipotangaza kwamba amechoka akili na anapumzika. Alikaa nje miezi kadhaa. Kila wiki aliyokuwa nje, kalenda iliendelea kufuta pointi zake kimya kimya, na aliporudi Januari 2024 alikuwa nje ya 400 bora. Katikati ya mwaka huo alikwenda Wimbledon, nafasi yake ikamlazimu kuanzia mchujo, akafungwa katika mechi ya mwisho ya mchujo. Hakuigusa droo kuu.

Mwaka uliofuata, Februari 2025, alitwaa taji la WTA 1000 la Doha. Julai alifika fainali ya Wimbledon baada ya kumtoa Aryna Sabalenka, namba moja wa dunia. Fainali yenyewe ilikuwa ya kuumiza: Iga Świątek wa Poland alimfunga 6-0, 6-0 katika dakika 57. Siku mbili baadaye orodha ilitoka na Anisimova alikuwa wa saba, mara yake ya kwanza ndani ya kumi bora. Yaani wiki ya kipigo kizito kuliko vyote maishani mwake ndiyo wiki iliyomweka juu kuliko wakati wowote kabla ya hapo. Hesabu haikuona machozi yake. Iliona pointi 1,300 zikiingia mahali palipokuwa na pointi chache za mchujo. Septemba alimfunga Świątek huyo huyo katika robo fainali ya US Open, akafika fainali nyingine, akaongeza 1,300. Na papo hapo mzigo wa mwaka uliofuata ukawa umeandikwa: pointi 2,600 za kutetea katika mashindano mawili.

Kwa anayetoka kwa jeraha, ugonjwa au uzazi upo utaratibu wa kumlinda. Mchezaji aliyekuwa nje kwa muda mrefu huruhusiwa kutumia nafasi aliyokuwa nayo kabla ya kuondoka ili aingie katika idadi maalumu ya mashindano. Nafasi hiyo ya kulindwa humfungulia mlango, lakini haimrudishii pointi. Sloane Stephens wa Marekani aliitumia mwaka 2017: baada ya upasuaji wa mguu alirudi Julai, mwanzoni mwa Agosti akawa nje ya 900 bora, na Septemba akatwaa US Open. Bila ulinzi ule angekuwa anahangaika katika mashindano madogo wakati wenzake wakicheza New York.

Kwa akina mama ulinzi ulichelewa, na ni aibu kwamba ulichelewa. Serena Williams alitwaa Australian Open ya 2017 akiwa mjamzito. Aliporudi French Open ya 2018 alikuwa wa 451, na waandaaji hawakumweka miongoni mwa wanaotenganishwa kwenye droo. Mwanamke mwenye mataji 23 ya Grand Slam angeweza kupangiwa yeyote raundi ya kwanza. Wimbledon ya mwaka huo waliamua kwa hiari yao kumpa namba 25, naye akafika fainali. Mjadala ulikuwa mkali, na Desemba 2018 WTA ikabadili kanuni: mchezaji aliyejifungua ana hadi miaka mitatu ya kutumia nafasi yake ya kulindwa. Machi 2025 ikaongezwa likizo ya uzazi yenye malipo, hadi miezi 12. Kwa kazi ambayo pointi zako huanza kuyeyuka siku unapoacha kucheza, haya yalikuwa mageuzi makubwa.

Zipo nyakati mfumo wenyewe umewaangusha wachezaji waliofanya kila kitu sawasawa. Mwaka 2022 Wimbledon iliwazuia wachezaji wa Urusi na Belarus kwa sababu ya vita vya Ukraine. WTA nayo ikaamua mashindano hayo yasitoe pointi, huku za mwaka uliotangulia zikifutwa kama kawaida. Elena Rybakina wa Kazakhstan alitwaa ubingwa na kubaki pale pale alipokuwa, nafasi ya 23. Ons Jabeur wa Tunisia, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kufika fainali ya Grand Slam katika zama za kulipwa, aliingia akiwa wa pili duniani, akacheza fainali, na akatoka akiwa wa tano. Alishuka kwa sababu ya pointi za robo fainali yake ya 2021 ambazo hakuruhusiwa kuzitetea. Sijaona uamuzi mwingine unaoonyesha wazi namna hii jinsi orodha na ubora vinavyoweza kuachana.

Kwa hiyo mtu akitaka kujua mchezaji yuko katika hali gani leo, aangalie orodha mbili. Ya kwanza ni hii ya wiki 52, inayotumika kuingilia mashindano na kupanga droo. Ya pili huanza sifuri kila Januari na kujumlisha pointi za msimu huo tu. Saba wa juu mwishoni mwa msimu hualikwa kwenye fainali za WTA, na nafasi ya nane huenda kwa bingwa wa Grand Slam wa mwaka huo aliye kati ya wa nane na wa 20, au asipokuwapo, kwa aliye wa nane. Mchezaji aliye wa tano katika ya kwanza na wa 40 katika ya pili anaishi kwa akiba ya mwaka jana, na tarehe za kufutwa kwake zinakuja. Aliye wa 60 katika ya kwanza na wa 12 katika ya pili yuko njiani kupanda, hata kama jina lake bado halijasikika. Kisha fungua kalenda: uone ni wiki zipi alifika mbali mwaka uliopita, kwa sababu hizo ndizo wiki atakazokuwa hatarini, na wiki alizokuwa mgonjwa ndizo atakazoweza kupandia.