Maana ya "ushawishi wa nje": imani ya mwanajuri na Biblia iliyo mezani

Huko Marekani mtu anayeitwa kukaa kwenye juri haambiwi aiache dini yake mlangoni. Angeiachaje? Juri ni raia wa kawaida, mara nyingi 12, wanaosikiliza kesi ya jinai kisha hujifungia chumbani kuamua kama mshtakiwa ana hatia. Pale mwendesha mashtaka anapoomba adhabu ya kifo, kwa kawaida wao pia ndio huamua auawe au afie gerezani. Swali kama hilo mtu halijibu kwa akili tupu. Hulijibu na malezi yake yote, na malezi ya wengi ni ya kanisani, msikitini au kwenye sinagogi.

Kinachokatazwa ni ushawishi wa nje, yaani jambo lolote linaloweza kuwaelekeza wanajuri bila kupitia mahakamani: habari ya gazetini, simu ya jamaa, safari ya kimyakimya kwenda kuangalia mahali pa tukio. Wanapaswa kuamua kwa ushahidi uliotolewa mbele ya mshtakiwa na kwa sheria waliyoelezwa na jaji. Hayo mawili wakili wa mshtakiwa ameyasikia na anaweza kuyapinga. Kilichosomwa chumbani yeye akiwa nje, hawezi.

Je, Biblia ni kitu cha nje? Kesi iliyolikabili swali hili waziwazi ilitoka Colorado, ikimhusu Robert Harlan, aliyepatikana na hatia ya mauaji mwaka 1995. Wanajuri walikuwa bado wanajadili adhabu usiku ulipoingia, wakapelekwa hotelini walale. Vyumbani mlikuwa na Biblia. Kuna waliosoma, wakaandika pembeni mistari ya kurejea, na Biblia pamoja na maandishi hayo vikaingia chumba cha majadiliano. Mistari yenyewe ilikuwa ile ya Mambo ya Walawi, "jicho kwa jicho, jino kwa jino", na ile ya Warumi 13 inayomtaka kila mtu atii mamlaka iliyo kuu. Wakapitisha adhabu ya kifo.

Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya jimbo hilo, kwa kura 3 dhidi ya 2, iliitupa adhabu hiyo, na Harlan akabaki na kifungo cha maisha kisicho na msamaha. Majaji walio wengi walieleza kwamba mwanajuri anaruhusiwa kutegemea imani yake, hata kuizungumza na wenzake. Tatizo lilikuwa maandishi: andiko lililowekwa mezani kama sheria nyingine kando ya sheria ya jaji, na lenye uzito wa neno la Mungu kwa anayeamini. Wawili waliopinga waliona mistari hiyo inajulikana na kila mtu, kwa hiyo kuisoma hakukuongeza kitu.

Binafsi naona wapinzani hao walikuwa na hoja. Mzee wa kanisa aliyekariri Walawi tangu utotoni anaingia na mstari uleule kichwani, na hakuna wa kumpekua. Lakini mpaka umewekwa hapo kwa sababu inayoeleweka: sheria za ushahidi za Marekani, kwa ujumla, haziruhusu wanajuri kuhojiwa baadaye walifikiri nini, ila huruhusu waulizwe nini kiliingia chumbani kutoka nje. Kitabu kinaonekana, moyo hauonekani.

Hata hivyo kuonekana kwa kitabu hakutoshi kila mara. Katika kesi ya Texas, mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikubali mwaka 2008 kwamba Biblia iliyotumiwa na wanajuri ilikuwa ushawishi wa nje, lakini ikasema haikuthibitishwa kwamba ndiyo iliyobadili uamuzi. Mfungwa huyo aliuawa kwa sindano ya sumu mwaka 2009.

Waendesha mashtaka na majaji nao hubanwa. Pennsylvania iliamua mwaka 1991 kwamba mwendesha mashtaka akiiambia juri kuwa Biblia inataka muuaji auawe, adhabu ya kifo haisimami. Mwaka huohuo mhubiri wa televisheni Jim Bakker alifutiwa kifungo cha miaka 45 cha ulaghai, kwa kuwa jaji alisema, akitoa adhabu, kwamba "sisi wenye dini" hudhihakiwa kwa sababu ya wahubiri wapenda pesa. Kesi ya mtu mwingine ilikuwa imegeuka kidonda cha jaji.

Kigumu zaidi ni pale ambapo hakuna kitabu kabisa. Mwaka 2017, kwenye kesi ya aliyekuwa mbunge wa Florida, Corrine Brown, mwanajuri mmoja aliwaambia wenzake kwamba nguvu ya juu imemjulisha kuwa Brown hana hatia. Jaji alipomhoji, alimtaja Roho Mtakatifu, ila akasema pia kwamba anaufuata ushahidi. Aliondolewa, akaingia wa akiba, na Brown akakutwa na hatia ya makosa 18. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ilifuta hukumu nzima: kumwomba Mungu mwongozo si kukataa kupima ushahidi. Brown hakurudi mbele ya juri nyingine. Mwaka 2022 alikiri kosa moja la kodi, na muda aliokwisha kukaa gerezani ukahesabiwa kuwa adhabu yake.