Kwa nini tunachukua uloto tena baada ya mgonjwa kupata nafuu

Wagonjwa wengi wa lukemia, yaani saratani ya damu, huniuliza, baada ya awamu ya kwanza ya kemotherapia kwenda vizuri, kwa nini wachomwe tena sindano ya nyonga ili kuvuta uloto, yaani ute laini ulio ndani ya mfupa, ilhali vipimo vya damu vimerudi katika hali ya kawaida. Wana haki ya kuuliza, kwa sababu ganzi hutuliza ngozi na uso wa mfupa tu, na maumivu ya uloto unapovutwa huyasikia waziwazi.

Lukemia huanzia katika uloto, ambamo seli shina chache huzalisha chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) za mwili mzima. Katika lukemia kali, yaani inayokwenda kwa kasi, uzao wa seli moja iliyoharibika hukwama katika uchanga: seli huendelea kugawanyika bila kukomaa, hujaza nafasi, na mgonjwa hupungukiwa damu, huvuja damu kwa urahisi na kuandamwa na maambukizi. Katika uloto wenye afya, seli hizo changa, yaani blasti, huwa chini ya asilimia 5, na ukirudi chini ya kiwango hicho baada ya matibabu, huku chembe za damu zikiwa zimepanda, tunasema mgonjwa amepata nafuu kamili.

Neno hilo "kamili" linahitaji uangalifu. Wakati wa kugunduliwa, mgonjwa anaweza kuwa na seli za lukemia zipatazo trilioni moja. Dawa zikiua 99 katika kila 100, zinabaki bilioni 10, na kwa hadubini peke yake mara nyingi hatuwezi kuzitofautisha na seli changa za kawaida. Ndipo tunapotumia mashine inayopitisha seli mojamoja mbele ya mwale wa leza na kusoma protini zilizo kwenye utando wake, ambayo inaweza kubaini seli moja ya lukemia kati ya 10,000.

Hata hivyo, mashine hiyo haiwezi kuokoa sampuli mbaya. Mililita ya kwanza ndiyo yenye uloto hasa. Kadiri bomba linavyoendelea kuvutwa, damu ya kawaida huingia na kuuzimua, na mabaki ya ugonjwa huonekana machache kuliko yalivyo. Ninapoinamisha kioo chenye tone la uloto, natafuta vipande vidogo vya kijivu vinavyometa kwa mafuta. Nisipoviona, naomba uloto uvutwe upya, kwa kuwa jibu la faraja lililotokana na sampuli iliyozimuliwa ni hatari kuliko kukosa jibu.

Swali la ni seli zipi zinazonusurika limefanyiwa kazi kubwa. Mwaka 1994, kundi la mtafiti John Dick mjini Toronto, Kanada, liliwapandikizia panya wenye kinga dhaifu seli za wagonjwa wa lukemia kali ya mailoidi (aina mojawapo ya lukemia kali), likaonyesha kwamba ni seli adimu tu, zenye alama ya CD34 lakini zisizo na CD38 (protini mbili za kwenye utando wa seli), zilizoweza kuuanzisha ugonjwa upya. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba alama hizo hutofautiana kati ya wagonjwa. Baadhi ya seli hizo hukaa zimelala bila kugawanyika, na dawa zinazolenga seli zinazogawanyika huzipita.

Upandikizaji wa uloto, yaani kumpa mgonjwa uloto wa mtu mwingine, uliomletea daktari E. Donnall Thomas Tuzo ya Nobel mwaka 1990, hukabili tatizo hilo kwa njia nyingine: kinga ya mchangiaji huzisaka seli zilizobaki. Ndiyo maana lukemia hurudi mara nyingi zaidi kwa aliyepokea uloto wa pacha wake wa kufanana, ambaye kinga yake haioni ugeni wowote. Lakini kinga hiyohiyo inaweza kushambulia ngozi, utumbo na ini la mpokeaji. Kwa hiyo, katika aina kadhaa za lukemia, mgonjwa ambaye sampuli yake nzuri haina mabaki tunaweza kumwepusha na upandikizaji, na yule ambaye mabaki yake yanaendelea kuonekana tunaanza kumtafutia mchangiaji mapema, kwanza miongoni mwa ndugu zake wa baba na mama mmoja, ambao kila mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana naye kikamilifu kwa alama za kinga.