Mashavu Yaliyojaa Si Shibe: Yanayosemwa Bukavu Kuhusu Chakula cha Mtoto

Mama akipita katika soko la Kadutu hapa Bukavu akiwa amembeba mtoto mwenye mashavu yaliyojaa na miguu minene, watu humsifu kwamba anajua kulea. Kwa baadhi ya watoto, unene huo ni maji matupu. Ugonjwa ambao sisi wa Kivu Kusini tunauita bwaki, na waganga wa hospitali wanauita kwashiorkor, humvimbisha mtoto badala ya kumkondesha, na ndiyo sababu wazazi wengi hukawia kumpeleka kituo cha afya. Kuupima hakuhitaji mashine: bonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili ya mtoto, hesabu polepole mpaka tatu, kisha uachie. Vishimo vikibaki kwenye miguu yote miwili, mtoto apelekwe siku hiyohiyo, hata kama jana alikula akamaliza sahani. Nywele zilizopauka na kuwa nyekundu, ngozi inayobanduka na mtoto asiyetaka kucheza ni dalili zinazofuatana na uvimbe huo.

Wengine wakiona uvimbe husema mtoto amelishwa karuho, yaani sumu, na siku za kumtibu hupotelea kwa wanaotapisha sumu. Wengine humlaumu mama kwamba alishika mimba akiwa bado ananyonyesha, maziwa yakaharibika. Dhana hii ya pili ina chembe ya ukweli iliyopotoshwa. Daktari Cicely Williams, aliyeandika jina kwashiorkor mwaka 1935, alilichukua kwa watu wa kabila la Ga wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, waliolitumia kwa ugonjwa unaompata mtoto pale mdogo wake anapozaliwa. Wazee wa huko na wa kwetu waliona jambo lilelile, ila hawakuona sababu yake: mimba haiharibu maziwa, bali mtoto aliyeachishwa ghafla hubaki na bugali tu. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, kisha vyakula vingine pamoja na kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi.

Je, bugali ukijaza tumbo hautoshi? Gramu 100 za unga wa mihogo unaosongewa bugali zina gramu 1 au 2 tu za protini, ilhali soya ya uzito huohuo ina zaidi ya 30. Tena tumbo la mtoto wa kilo 8 hupokea kama mililita 240 kwa mlo mmoja, yaani kikombe kimoja, kwa hiyo uji mwepesi unaomiminika kama chai humjaza maji. Uji wa masoso, wa mahindi, mtama na soya, upikwe uwe mzito kiasi cha kutomwagika upesi kijiko kinapoinamishwa, na utiwe kijiko cha mawese, ambayo wekundu wake ndio chanzo cha vitamini A.

Inasemekana pia kwamba samaki humkwama mtoto. Sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wakiwa wakavu na waliotwangwa mpaka wawe unga, wakachekechwa na kupikwa ndani ya uji, hawana mfupa wa kumkwama mtu. Ni ajabu kwamba katika mji ulio kando ya ziwa, samaki hawa huishia sahani ya baba.

Chumvi yenye iodini haina mengi ya kubishania: kisiwa cha Idjwi kilijulikana kwa uvimbe wa shingo kwa sababu ya upungufu wa iodini. Chumvi hiyo ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu.

Kosa linaloniudhi zaidi ni lile la kuiona Plumpy'Nut kama biskuti ya kugawia watoto wote wa nyumba. Karanga zilizosagwa, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini vimetiwa humo kwa vipimo, na pakiti moja ya gramu 92 ina kilokalori 500. Ni dawa ya mtoto ambaye mkanda wa kupimia mkono umesoma chini ya milimita 115, au aliyevimba miguu, na muuguzi amehesabu pakiti kwa uzito wake. Nusu ikiliwa na kaka zake, mgonjwa amepewa nusu ya dawa. Haipikwi wala haichanganywi na maji. Mtoto anayenyonya hupewa ziwa kwanza, kisha hula kidogo kidogo kutoka kwenye pakiti yenyewe, huku akinyweshwa maji safi.