Simu: tunayoyaogopa na yanayotuumiza

Yupo mtu ambaye usiku huiweka simu chumba cha pili akiogopa mionzi, kisha asubuhi anajibu ujumbe huku anaendesha gari. Hofu yake ipo, ila imekosea mlango.

Dhana: Ukiongea kwa spika za masikioni, kuendesha hakuna shida, mradi mikono iko kwenye usukani.

Shida ni akili kuliko mikono. Dereva aliyezama kwenye mazungumzo anaweza kuitazama taa nyekundu asiione. Shirika la Afya Duniani linasema anayetumia simu akiendesha anakaribia mara 4 ya uwezekano wa kupata ajali, na kwamba kuongea bila kuishika simu hakupunguzi sana hatari hiyo. Kusoma ujumbe ndiyo balaa zaidi. Gari la kilomita 90 kwa saa hukata mita 25 kila sekunde. Ukiinamia kioo cha simu sekunde 5, umekwenda mita 125 bila macho. Abiria wa kando akiona lori linakuja hunyamaza. Wa kwenye simu haoni kitu, anaendelea na umbea wake.

Dhana: Amenitaja jina langu kamili, na namba iliyoonekana ni ya benki, basi ni wao.

Namba inayotokea kwenye kioo inaweza kughushiwa, na jina lako si siri. Mara nyingi tapeli anakuwa na kila kitu isipokuwa zile tarakimu za uthibitisho zilizoingia kwenye simu yako sasa hivi. Ndiyo maana ana haraka: akaunti inafungwa, usikate simu, nisomee hizo namba. Mfanyakazi halali hana haja nazo, wala na namba yako ya siri. Kata, kisha upige mwenyewe namba iliyo nyuma ya kadi yako. Kumkatia tapeli simu si utovu wa adabu.

Alama ya kufuli kwenye kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, nayo huwaponza wengi. Inaonyesha kwamba mawasiliano yamefichwa njiani; haisemi anayeyapokea ni mwema au mwizi.

Dhana: Imethibitishwa kwamba simu inaleta saratani.

Haijathibitishwa. Mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi 2B, yaani huenda yakasababisha, kwa kuwa ushahidi ni mchache. Mawimbi hayo hayana nguvu ya kuvunja vinasaba kama eksirei. Mwenye wasiwasi atumie spika, kwa sababu nguvu ya mawimbi hupungua upesi simu ikiwa mbali na kichwa.

Dhana: Betri sharti iishe kabisa ndipo uchaji.

Hayo yalikuwa ya betri za zamani za nikeli. Za lithiamu hazihitaji; adui yao ni joto. Kwa hiyo usichaji simu chini ya mto, na ikivimba usiitoboe, ipeleke kwa fundi.

Dhana: Simu iliyolowa itie kwenye mchele.

Uache mchele jikoni. Mwaka 2024 Apple iliwaonya wateja wake kwamba punje ndogo zinaweza kuiharibu simu. Izime, ikung'ute tundu la chaji likitazama chini, iache penye hewa.

Dhana: Nimeifuta ile picha, yameisha.

Kwako, labda. Aliyeipokea huenda aliihifadhi kabla hujajuta.